Beni na Butembo hawakukataa huduma

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, kilomita kama 30 kutoka Beni, mashariki mwa Kongo, ulitangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 kati yao wakafa. Ni mlipuko wa pili kwa ukubwa duniani, baada ya ule wa Afrika Magharibi. Tangu hapo wapangaji wa miradi ya huduma za jamii wameufanya mfano wa kufundishia, na baadhi ya mafunzo wanayoyatoa humo si ya kweli. Nayaona yakirudi katika mipango mipya ya lishe, ya wakimbizi wa ndani, ya wajane wa vita na ya watu wenye ulemavu. Wanaoumia kwa mafunzo hayo ni watu wa Kivu ya Kaskazini wenyewe, kwa hiyo nayajibu hapa, dai kwa dai.

Dai la kwanza: watu wa Beni na Butembo waliikataa huduma kwa ujinga.

Hili ndilo husemwa zaidi, na hulindwa kwa takwimu. Utafiti uliofanywa Septemba 2018 kwa watu wazima 961 wa Beni na Butembo, ukachapishwa mwaka uliofuata katika jarida la Lancet Infectious Diseases, ulikuta kwamba mmoja kati ya wanne hakuamini kuwa Ebola ipo. Takwimu hiyo imezunguka dunia nzima. Iliyo karibu nayo katika utafiti uleule haitajwi sana: chini ya theluthi moja ya watu hao ndio walioamini kwamba viongozi wa mahali pao wanatetea masilahi yao. Na watafiti walionyesha kwamba aliyekosa imani hiyo ndiye aliyeelekea pia kukwepa chanjo na hospitali.

Imani hiyo ilipotelea wapi? Tangu Oktoba 2014 raia wa eneo la Beni walikuwa wakiuawa usiku, kwa mapanga na kwa risasi, katika mashambulizi yaliyohusishwa na kundi la waasi la ADF. Tarehe 22 Septemba 2018, Riposti, yaani operesheni ya kupambana na Ebola, ikiwa imeanza kazi, mji wa Beni wenyewe ulishambuliwa. Wakazi wakafunga maduka kuomboleza na kulalamika, na kazi ya Ebola ikasimama. Tarehe 26 Desemba tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na nchi nzima, na moja ya sababu zilizotolewa ni Ebola. Masoko yalikuwa wazi. Makanisa yalikuwa wazi. Rais aliapishwa Januari 2019, na kura ya watu zaidi ya milioni moja ikasogezwa hadi Machi, haikumhusu tena. Siku moja baada ya tangazo lile waandamanaji walishambulia kituo cha kuwapokea washukiwa wa Ebola mjini Beni. Kosa hilo silitetei, kwani ndani mlikuwa na wagonjwa. Lakini anayeliita ujinga anakataa kusoma kalenda.

Swali lililoulizwa katika kila avenyu ya Butembo lilikuwa: miaka minne tumezikana hakuna aliyekuja, leo magari haya yote yametoka wapi? Hilo ni swali la mtu mwenye akili, na mpango uliokuja bila jibu lake ulikuwa na upungufu tangu siku ya kwanza. Surua nayo ilikuwa ikiua watoto Kongo nzima wakati huohuo. Kufikia Januari 2020 vifo vyake vilivyohesabiwa vilipita 6,000, zaidi ya maradufu ya vile vya Ebola, na misafara ya namna ile haikuonekana.

Tena watu hao wanaoitwa wakaidi walichanjwa. Zaidi ya watu 300,000 walipewa chanjo ya Ebola katika mlipuko ule. Matibabu yalipofanywa bure, vituo vya afya vilijaa. Jamii iliyokataa huduma haipangi foleni.

Dai la pili: wakati wa dharura hakuna nafasi ya kuangalia mahitaji ya kila kundi; huduma iwe moja kwa wote.

Tuangalie basi wagonjwa wenyewe walikuwa nani. Zaidi ya nusu walikuwa wanawake na wasichana. Zaidi ya robo walikuwa watoto. Mama ndiye anayemuuguza mgonjwa nyumbani, ndiye anayempeleka mtoto kituoni, na mara nyingi ndiye anayeshika maiti kwanza. Hata hivyo chanjo ilipoanza kutolewa Agosti 2018, wajawazito na wanaonyonyesha waliachwa nje kwa hofu ya usalama wa mtoto, na ikafika Juni 2019 ndipo wakaanza kuipata. Huduma ile iliyoitwa moja kwa wote ilikuwa na mlango mwembamba zaidi kwa wale waliokuwa hatarini zaidi. Sidai kwamba tahadhari haikuwa na msingi. Chanjo ilikuwa bado ya majaribio. Nadai kwamba mjadala ulichelewa, na wanawake wenyewe, waliokuwa wakiuliza mbona jirani kachanjwa mimi nimerudishwa, hawakuketishwa mezani mapema.

Mfano wa pili ni malaria. Beni mwishoni mwa 2018 ilikuwa na wagonjwa wengi mno wa malaria, na homa ya malaria mwanzoni haitofautiani na ya Ebola. Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba hadi nusu ya waliopimwa katika vituo vya Ebola walikuwa na malaria tu. Mama alimleta mtoto mwenye homa, akamwona akilazwa kati ya washukiwa wa Ebola, akarudi kuwasimulia wenzake. Wengine walikimbilia vile vituo vidogo vya watu binafsi, vya kienyeji nusu na vya kisasa nusu, na humo ndimo virusi viliwapata wengi. Mwisho wa Novemba mpango ukabadilishwa: kampeni ya siku nne ya dawa za malaria na vyandarua, ikilenga hadi watu 450,000 mjini. Kwa mara ya kwanza timu zilibisha hodi zikiwa na kitu ambacho mwenye nyumba mwenyewe alikuwa akikililia. Wanaodai huduma moja kwa wote waeleze kampeni hiyo ilipoteza muda wa nani.

Mfano wa tatu naupenda kuliko yote. Mama akilazwa na Ebola, mtoto wake anayenyonya abaki na nani? Jamaa waliogopa kumshika, wauguzi walilazimika kuvaa nguo zinazoficha uso. Karibu na kituo cha Beni, kwa msaada wa UNICEF, kikafunguliwa kituo cha kulelea watoto hao, na walezi wakawa wanawake waliopona Ebola. Mwili wao ulikuwa na kinga, wakaweza kumbeba mtoto kifuani bila ile nguo ya kutisha, kumlisha na kumbembeleza. Butembo ikafuata. Hapa mahitaji mawili tofauti kabisa, la mtoto asiye na mlezi na la mwanamke aliyepona ambaye majirani wanamkimbia, yalijibiwa kwa kazi moja yenye mshahara. Mpango wa aina hiyo hautungwi na mtu anayeona wagonjwa wote kuwa ni namba.

Kuhusu lugha nitasema machache. Vipeperushi vilikuja kwa Kifaransa na kwa Kiswahili cha vitabuni, wakati bibi wa Kalunguta au Musienene anaongea Kinande, na Kiswahili chake cha soko ni kingine. Translators without Borders walilichunguza jambo hilo 2019 na kukuta kwamba ujumbe mwingi haukueleweka vizuri. Hilo lingejulikana asubuhi moja kwa kuwauliza motari, waendesha pikipiki, watano wa Butembo.

Dai la tatu: kupitia upya mpango ni kazi ya mwisho wa mradi, ya kumpelekea mfadhili ripoti.

Hapa ushahidi ni mwingi, na wote unakataa. Tarehe 24 Februari 2019 kituo cha matibabu cha Katwa kilichomwa. Siku tatu baadaye kile cha Butembo. Madaktari Wasio na Mipaka wakasimamisha kazi yao humo, na mapema Machi rais wao Joanne Liu alisema hadharani mjini Geneva kwamba Riposti inashindwa: zaidi ya asilimia 40 ya vifo vilikuwa vikitokea majumbani, nje ya vituo, na wagonjwa wengi wapya hawakuwa na uhusiano unaojulikana na mgonjwa mwingine. Aliitaka kazi imrudie mgonjwa na jamii yake. Huko ndiko kupitia mpango, na kulifanywa katikati ya moto. Kama tathmini ingengoja Juni 2020, ingeandikwa juu ya makaburi.

Wasiopanda jukwaani walifanya zaidi. Wajitolea wa Msalaba Mwekundu walipita nyumba kwa nyumba wakiandika walichosikia: maswali, tetesi, matusi, shukrani. Yakafika mamia ya maelfu ya maoni, yakapangwa kwa aina na kurudishwa kwa wanaofanya kazi. Moja ya tetesi zilizojirudia ilikuwa kwamba mifuko ya kuzikia imejaa mawe, au kwamba maiti kaondolewa viungo. Ingewezekana kuwahubiria watu kwamba huo ni uongo. Badala yake ikaletwa mifuko angavu, familia ikamwona mpendwa wao kabla ya kumzika. Malalamiko yaligeuka kuwa kifaa. Vivyo hivyo watu wa ALIMA, shirika la matibabu, walitumia Beni vyumba vyenye kuta angavu walivyoviita CUBE: ndugu alisimama nje bila nguo za kujikinga, akamwona mgonjwa wake na kuzungumza naye. Mtu aliyeogopa kwamba anayeingia humo harudi sasa aliona kwa macho yake kinachofanyika ndani.

Hata sayansi yenyewe ilikwenda hivyo. Jaribio la dawa nne, lililoanza Novemba 2018 katika vituo vya Beni, Katwa, Butembo na Mangina, lilikuwa na kamati huru ya kuangalia matokeo wakati kazi inaendelea. Agosti 2019 kamati ilisema simamisheni: katika dawa mbili waliokufa walikuwa kama theluthi moja, katika nyingine mbili kama nusu. Kuanzia hapo wagonjwa wakapewa zile mbili bora. Kila wiki iliyookolewa ni watu walioishi. Iwapo daktari anakubali kubadili dawa kabla jaribio halijafika mwisho, mwenye mradi wa uji wa watoto au wa ushauri wa kisaikolojia ana sababu gani ya kung'ang'ania jedwali alilolijaza Kinshasa?

Dai la nne: bila askari huduma isingefika.

Dai hili nalisogelea kwa heshima, kwa sababu watu walikufa. Tarehe 19 Aprili 2019 Dakta Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kameruni, aliuawa kwa risasi akiwa kazini katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben, Butembo. Hakuna anayeweza kumwambia muuguzi aende Kalunguta mikono mitupu na moyo mweupe. Lakini mlinzi wa barabarani na mwenye bunduki aliyesimama mlangoni pa zahanati ni mambo mawili. Mkulima aliyewahi kukimbia watu wenye silaha hawezi kuingia mahali palipozungukwa nao ili kusema kwamba mwanawe ana homa. Mpango ungetenganisha mambo hayo mawili tangu mwanzo, na ungewauliza machifu na viongozi wa vijana ni wapi msafara ukomee na wapi mtu ashuke atembee kwa miguu.

Dai la tano: kilichokosekana ni pesa.

Pesa zilikuja nyingi, na zilizaa jina mtaani: biashara ya Ebola. Nyumba zilikodishwa kwa bei isiyosikika, vijana wa mji waliona kazi zikichukuliwa na waliotoka mbali. Aliyekuwa waziri wa afya, Oly Ilunga, alihukumiwa Machi 2020 miaka mitano ya kazi ngumu kwa ubadhirifu wa fedha za Ebola. Lililo zito kuliko hesabu lilitoka Septemba 2021, katika ripoti ya tume huru iliyoongozwa na Aïchatou Mindaoudou na Julienne Lusenge. Watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono walitajwa, 21 kati yao wakiwa waajiriwa wa Shirika la Afya Duniani. Wanawake walisimulia jinsi walivyotakiwa kimwili ili wapate kazi au waendelee nayo. Walikuwa wasafishaji, wapishi, wahamasishaji: walewale walioorodheshwa kwenye mpango kama wanufaika. Mpango uliohesabu chanjo kila jioni haukuwa na mahali pa mwanamke huyo kusema bila kupoteza mkate wake. Hilo silo pengo la fedha. Kisanduku cha malalamiko kinachofunguliwa na bosi anayelalamikiwa hakifai kitu, hata kiwe cha dhahabu.

Dai la sita: mgonjwa wa mwisho akipona, kazi imekwisha.

Watu zaidi ya 1,100 walinusurika. Baadhi walibaki na maumivu ya viungo na matatizo ya macho yanayoweza kupofusha, na virusi vinaweza kukaa katika shahawa kwa miezi mingi baada ya mwanamume kupona. Ndiyo sababu ufuatiliaji wa walionusurika uliwekwa: vipimo, daktari wa macho, ushauri, na mtu wa kuzungumza na majirani. Ni huduma ndefu, haina picha za kuvutia mfadhili, na ndiyo ya kwanza kukatwa.

Tarehe 7 Februari 2021 Ebola ilitangazwa tena Butembo. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba virusi vilikuwa vya ukoo uleule wa 2018. Watu 12 waliugua, 6 wakafa, na tarehe 3 Mei mlipuko ukatangazwa kumalizika. Oktoba mwaka huohuo ukaja mwingine Beni, wagonjwa 11, nao ukaisha Desemba. Safari hizi wauguzi wengi walikuwa wa palepale, waliojua ni mlango upi wa kubisha kwanza na ni nani katika avenyu anayesikilizwa. Wanaoandaa mpango unaofuata kwa ajili ya Kivu ya Kaskazini wawalipe watu hao kabla ya dharura, wawaweke walionusurika katika kamati inayopitia kazi kila mwezi, na bajeti ya daktari wa macho iandikwe mwaka wa kwanza hadi wa mwisho.