Katiba Peke Yake Haizuii Jiwe

Ndugu wanachama, habari tunayoiandika wiki hii si ya kufurahisha. Twajua wapo watakaotugeukia na kuuliza: "Gazeti la Chama linatafuta nini humo?" Twawaomba wasome hadi mwisho, kisha watuhukumu.

Tarehe 4 Februari 2006, huko Khayelitsha, mtaa wa Waafrika nje ya Cape Town, binti wa miaka 19 alikuwa kilabuni na rafiki yake. Wakatukanwa kwa sababu walikuwa wanawake wapendao wanawake. Matusi yakawa ugomvi. Kundi la vijana wa kiume likamfukuza binti yule, likampiga, likamtupia mawe, likamchoma kisu, karibu kabisa na kwao. Akafa.

Waliomwua hawakuwa Makaburu, wala hawakutumwa na Makaburu. Walikuwa vijana wa mtaa uleule, wa rika lake, watoto wa watu waliopigwa virungu na kufungwa ili nchi ile iwe huru. Hilo ndilo linalotuuma, na ndiyo maana twaandika.

Siku ile Afrika Kusini ilikuwa na Katiba ambayo dunia nzima iliisifu. Rais Mandela aliitia saini Sharpeville mwezi Desemba 1996, mahali palipomwagika damu ya watu wetu mwaka 1960. Kifungu cha 9 cha Katiba hiyo kinakataza kumbagua mtu kwa rangi, kwa jinsia, kwa dini, na pia kwa sababu ya mapenzi ya jinsia moja. Afrika Kusini ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuandika neno hilo katika Katiba yake. Mwaka 1998 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria ya zamani iliyowafanya wanaume wapendanao kuwa wahalifu. Mwaka 2000 Bunge likatunga sheria ya usawa na kuanzisha mahakama maalum za usawa.

Basi twauliza: siku ya Februari 2006 Katiba ilikuwa wapi? Ilikuwa kabatini.

Tazameni kesi ilivyokwenda. Vijana walikamatwa, wakafikishwa mbele ya hakimu. Kesi ikaahirishwa. Ikaahirishwa tena. Mara shahidi hayupo, mara wakili hayupo. Mwaka 2010 baadhi ya washtakiwa wakatoroka mahabusu ya mahakama, ikabidi wasakwe upya. Kwa jumla kesi iliahirishwa zaidi ya mara 40. Rafiki wa marehemu na akina mama wa Khayelitsha wakawa wanafika mahakamani, wanaambiwa rudini nyumbani, mwaka baada ya mwaka. Hukumu ya hatia ilitoka Oktoba 2011. Februari 2012, miaka sita baada ya mauaji, wanne wakafungwa miaka 18 kila mmoja, minne kati yake ikisimamishwa. Hakimu akasema wazi kwamba binti aliuawa kwa chuki, kwa sababu ya mapenzi yake. Neno hilo lilikuwa la haki, lakini lilichelewa miaka sita, na katika miaka hiyo kila kijana wa mtaani alijifunza kwamba ukimpiga mtu wa namna hii, Serikali haina haraka na wewe.

Asituambie mtu kwamba mahakama hazina uwezo wa kwenda upesi. Aprili 2008, huko KwaThema, aliuawa Eudy Simelane, aliyeichezea timu ya taifa ya wanawake, Banyana Banyana. Alibakwa, akachomwa visu. Alikuwa mtu wa kujulikana, na watu wengi walikuwa wakitazama. Kabla ya mwisho wa mwaka 2009 mmoja wa wauaji alikwisha fungwa miaka 32, na mwingine kifungo cha maisha. Nchi ni ileile, sheria ni zilezile. Je, binti asiyejulikana hana haki ya kutazamwa?

Aprili 2011 mwanamke mwingine, wa miaka 24, akauawa KwaThema hiyohiyo. Watu wakapiga kelele, ndipo Serikali ikaunda kamati ya kitaifa ya kushughulikia maovu haya. Mwaka 2016 ukatolewa muswada wa sheria ya makosa ya chuki. Rais Ramaphosa ameutia saini Mei 2024. Miaka minane! Na hata baada ya saini, sheria yenyewe yasema itaanza kutumika siku Rais atakayoitangaza. Kijana anayesubiriwa na kundi njiani hawezi kuwaambia wamngojee mpaka siku hiyo.

Tena jambo hili halianzi kwa kisu. Huanzia shuleni, kwa jina la utani linalomfuata mtoto chooni na uwanjani, na kwa mwalimu anayecheka badala ya kukemea. Katika jimbo la Limpopo mwanafunzi mmoja aliyejitambua kuwa msichana, ingawa daftari la shule lilimwandika mvulana, alinyanyaswa na wenziwe, na mkuu wa shule mwenyewe akiwa miongoni mwa waliomfanyia hayo. Akaenda Mahakama ya Usawa ya Seshego, akashinda. Mwaka 2017 idara ya elimu ya jimbo ikaamriwa kumlipa randi 60,000. Twaisifu hukumu hiyo. Lakini fedha hazirudishi masomo yaliyopotea, na si kila mtoto ana mtu wa kumpeleka kwa wakili.

Sasa twaja kwa wale wasemao: "Hayo si mila zetu, mtu wa namna hiyo amejitakia." Ndugu zetu, historia ni ushahidi mgumu. Mwaka 1969 Bunge la Makaburu lilitunga kifungu kipya cha kuwaadhibu wanaume hao, hata kwa yale watakayotenda katika karamu ya nyumbani. Mwaka huohuo 1969 wapigania uhuru wa ANC walikutana hapa kwetu Morogoro, wakafungua milango ya chama chao kwa watu wa rangi zote. Haya, tuambieni: katika mikutano ile miwili, nani alikuwa ndugu yetu? Bunge lile la Cape Town halikuwa likilinda mila za Mwafrika. Lilikuwa likichunga watu kama ng'ombe, huyu kwa rangi yake, yule kwa moyo wake.

Na mkumbukeni Simon Nkoli. Alikamatwa mwaka 1984, akashtakiwa uhaini pamoja na wenzake katika kesi ya Delmas. Gerezani aliwaambia kwamba yeye hupenda wanaume. Baadhi hawakutaka kukaa naye kizimbani. Wakabishana, kisha wakaona kwamba anayekabili kitanzi pamoja nao ni mwenzao. Mwaka 1988 akaachiwa huru. Huyu alijitakia nini, ila uhuru wa nchi yake?

Tusijidanganye kwamba maneno haya yanawahusu watu wa Kusini tu. Hapa petu Kanuni ya Adhabu tuliyoachiwa na Mwingereza ingali na kifungu cha 154, na mwaka 1998 tulikiongezea ukali wenyewe, kikawa cha miaka 30 hadi maisha. Wazee wetu hawakukiandika. Kazi yake mitaani ni hii: kijana apigwaye na kunyang'anywa simu haendi polisi, maana anaogopa kwamba atakayewekwa ndani ni yeye. Mpigaji analijua hilo, ndiyo maana anapiga. Lakini Kanuni ileile ina vifungu vya 240 na 241, vinavyokataza kumshambulia na kumdhuru mtu. Vifungu hivyo havisemi "isipokuwa mtu huyo akiwa humpendi." Vyasema mtu. Atakaye kuheshimu sheria aiheshimu yote.

Tulipodai uhuru tulisema adhabu haitolewi na bwana shamba mwenye kiboko, hutolewa na mahakama baada ya kusikiliza. Je, kiboko kikishikwa na mtoto wetu mwenyewe kimekuwa halali? Mzazi anayenyamaza leo kijana wa jirani anapopigwa mawe, kesho atamwambia nini mwanawe atakaposingiziwa? Kundi halichunguzi. Likisha kuokota mawe, halina breki.

Kwa hiyo twasema hivi. Kwanza, ndugu zetu wa Afrika Kusini waianzishe na kuitumia sheria waliyoitia saini, na kesi za namna hii ziwe na kikomo cha kuahirishwa. Pili, askari atakayekataa kuandika malalamiko ya kijana aliyepigwa, kwao au kwetu, aulizwe na wakubwa wake kama anayekataa kazi. Tatu, mwalimu mkuu awajibike kwa kipigo kinachotokea shuleni mwake, asisingizie utoto. Nne, na hili ni letu: mwanachama yeyote, hasa wa Vijana, akionekana katika kundi la kupiga watu, avuliwe kadi na apelekwe polisi kabla hatujaulizwa na mtu wa nje.

Haki sawa kwa watu wote tuliipigia kelele miaka mingi majukwaani, jua likituchoma. Hatukusema haki kwa watu tunaowapenda. Ikiwa sasa twataka kupunguza maneno yale, basi tusimame mbele ya wananchi, tuyafute kwa mkono wetu wenyewe, na tuwaambie ni nani tunayemwondoa. Tukiona haya kufanya hivyo, na tuwalinde wote.