Chanda Kimebaki Kitupu

Katika mkutano wa walimu wa Kiswahili tuliokutana Gitega wakati wa likizo iliyopita, palizuka mjadala ambao haukuwamo katika ajenda. Mwenzetu mmoja afundishaye Muyinga alitueleza habari za mwanafunzi wake wa madarasa ya juu. Kijana huyo amepata fidla ya umeme, iliyonunuliwa kikuukuu na mjomba wake na kupitishwa mpakani Kobero. Kila Jumamosi huitwa kuwapigia waimbaji arusini, na sasa ametangaza kwamba akimaliza masomo atakuwa mpigaji wa kukodiwa: yule aitwaye studio au jukwaani kusindikiza wimbo wa mtu mwingine, akalipwa, akaenda zake.

Walimu wengi waliokuwamo ukumbini walicheka. Mmoja wao, mtu ninayemheshimu kwa umri na kwa elimu, alisimama akatoa hoja tatu: kwamba chombo hicho si utamaduni wetu; kwamba kazi hiyo si kazi; na kwamba, hata kama ingekuwa kazi, haiwahusu walimu wa lugha. Akapigiwa makofi. Mimi sikupiga. Kwa kuwa muda wa kujibu haukupatikana siku ile, naomba nijibu hapa.

Tuanze na hoja ya utamaduni. Hapa Burundi wazee wetu wanaijua indingiti, chombo cha uzi mmoja na kisanduku kilichowambwa ngozi, kipigwacho kwa uta. Ndugu yake wa Buganda huitwa endingidi, na wataalamu wa muziki wa huko wanasema ilianza kuenea mwanzoni mwa karne ya 20 tu. Yaani hata kile tukiitacho cha jadi kiliwahi kuwa kipya, na bila shaka palikuwa na mzee aliyekicheka. Unguja nako, klabu ya Ikhwani Safaa iliasisiwa mwaka 1905, na taarabu ya huko ilijifunza mengi kutoka Misri. Ni nani leo athubutuye kumwambia Mzanzibari kwamba fidla si yake?

Tena mwalimu wa Kiswahili wa Gitega ndiye mtu wa mwisho anayestahili kusema neno hilo. Kiswahili chenyewe kilitufikia kwa misafara ya wafanyabiashara na kwa askari wa Wajerumani, ambao mwaka 1912 waliifanya Gitega kuwa makao yao ya utawala. Neno “shule” tumelipata kwa Wajerumani, neno “kitabu” kwa Waarabu, neno “meza” kwa Wareno. Atakaye kuvitupa vyote vya kuja, na aanze na mshahara wake.

Na huo umeme unaotutia hofu ni kitu gani? Fidla ya umeme ina nyuzi zile zile na uta ule ule. Chini ya nyuzi huwekwa kinasa kidogo kinachogeuza mtikisiko kuwa mkondo wa umeme. Mkondo ukapita katika amplifaya, ukatoka kwenye spika. Kisanduku kikubwa cha mbao hakihitajiki tena. Mpigaji anapata sauti ya kushindana na ngoma na gitaa, na si hilo tu: anapata sauti ya kushindana na kinanda cha umeme. Tangu miaka ya 1990, taarabu iitwayo ya kisasa imekitumia kinanda hicho kuiga sauti za fidla nzima nzima, na wapigaji wengi wamebaki nje ya mlango. Kijana wa Muyinga ameshika silaha ya kurudia ndani, nasi tunamcheka.

Hoja ya pili ni ya riziki, na hapa nakiri kwamba mwenzetu hakukosea kabisa. Kazi hii ina njaa. Chombo ni ghali, umeme hukatika, na arusi hupungua msimu wa mvua. Mimi mwenyewe nimeshuhudia arusi hapa Gitega ambapo mwimbaji alilipwa kabla ya kuimba, mpishi akalipwa jioni, na mpiga fidla akaambiwa arudi Jumatatu. Aliporudi alikuta mlango umefungwa.

Lakini tukiona mkulima anapunjwa bei ya kahawa yake, hatusemi kilimo si kazi. Twasema anapunjwa. Jean-Luc Ponty, Mfaransa aliyesomea fidla katika chuo cha muziki cha Paris, aliitwa mwaka 1972 kupiga fidla ya umeme katika nyimbo mbili za Elton John, kwenye sahani ya Honky Château. Jina lake liliandikwa, watu wakalisoma, naye akaendelea kutoa sahani zake mwenyewe. Njia hufunguka kwa kuandikwa jina.

Linganisheni na yaliyotupata sisi. Mwaka 1967 Wafaransa walirekodi ngoma za Burundi, na kampuni ya Ocora ikazitoa katika sahani. Mwaka 1971 ngoma hizo zilichanganywa na vinanda katika sahani iitwayo Burundi Black. Mwaka 1975 Joni Mitchell, mwimbaji mzaliwa wa Kanada, alizitia katika wimbo wake The Jungle Line. Mwaka 2014 UNESCO ikaiingiza ngoma yetu ya kifalme katika orodha ya urithi wa binadamu. Sasa nauliza: kati yetu tunaokaa Gitega, karibu kabisa na ngoma za Gishora, ni nani awezaye kunitajia jina la mpigaji mmoja tu aliyepiga siku ile ya 1967? Dunia imezisikia ngoma za Burundi, wapigaji haikuwajua. Tukilaumu wageni peke yao tutakuwa waongo, maana sisi tunafanya vivyo hivyo kila Jumamosi.

Ndipo tunapofika kwenye hoja ya tatu, kwamba jambo hili halimhusu mwalimu wa lugha. La hasha! Linamhusu kuliko mtu yeyote. Mkataba wa Roma wa mwaka 1961 unamtambua mpigaji kuwa mwenye haki juu ya kile alichokipiga, na Burundi ina sheria yake ya haki za watunzi na haki zinazoambatana nazo, ya Desemba 2005. Lakini sheria haimsaidii mtu asiye na karatasi. Na karatasi ni nini kama si lugha? Kijana anayeitwa studio leo Bujumbura, kesho Kigoma, atahitaji kuandika kwa Kiswahili safi: nimepiga wimbo gani, siku gani, kwa malipo gani, jina langu liandikwe wapi, na wimbo ukiuzwa tena nipate nini. Sisi tumemfundisha insha ya “Safari Yangu” miaka mitatu mfululizo. Mapatano ya nusu ukurasa hatukumfundisha hata mara moja.

Kwa hiyo nashauri mambo mawili, yasiyohitaji fedha. Kwanza, kila tunapoandika wimbo ubaoni, tuandike na majina ya wapigaji yanapojulikana, na wanafunzi watumwe kuyatafuta yasipojulikana. Pili, somo la utungaji liwe na nafasi ya mapatano ya kazi, hati ya malipo na barua ya kudai haki.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Sisi tumeivika pete shingo ya mwimbaji, na chanda kimebaki kitupu. Mwenzangu wa Muyinga, ukirudi darasani usimwambie kijana wako aache fidla. Mwambie alete daftari, mkae wawili, mwandike mapatano ya arusi ya Jumamosi ijayo.