Kiarabu Gani? Maprodyuza, Ulizeni Hilo Kwanza

Wasee, leo nitasema kitu na wengine watanuna. Wacha wanune.

Kuna siku nilishika maikrofoni kwenye shuti ya filamu ya hali halisi hapa Nairobi. Tulikuwa tunamhoji mama kutoka Sudan, mmoja wa waliokimbia vita vilivyoanza Aprili 2023. Mama aliongea karibu dakika nne. Alilia, akanyamaza, akaendelea. Mkalimani akamgeukia dairekta, akamwambia kwa Kiingereza: anasema maisha ni magumu.

Basi. Dakika nne zikawa sentensi moja, na kamera ikaendelea.

Simlaumu yule mkalimani. Alikuwa ustadhi mpole, Kiarabu alikisoma vitabuni, na alipigiwa simu usiku wa kuamkia siku hiyo kwa sababu "anajua Kiarabu." Kwani kuna mtu alimuuliza ni Kiarabu gani? Chukua neno "sasa" peke yake. Kiarabu fasaha ni al-aan. Mmisri atakwambia dilwa'ti, Mmoroko daba, watu wa Ghuba alhin, Msudani hassa. Ni kama kumtoa mtu aliyesomea Kiswahili sanifu London, umketishe na vijana wa Kayole, halafu ushangae akianza kutoka jasho.

Wakati wa kuhariri, mwanafunzi mmoja Msudani alisikiliza ile sauti. Akatuambia mama aliomba tusionyeshe uso wake, maana mwanawe bado yuko kule. Aliomba mara mbili! Na sisi tulikuwa tumeshachagua picha ya uso wake iwe ya kwanza kabisa.

Msidhani ni shida ya bajeti ndogo tu. Mwaka wa 2015, tamthilia ya Marekani ya Homeland iliajiri wasanii wachore maandishi ya Kiarabu kwenye kuta za seti. Wakaandika kwamba Homeland ni ya kibaguzi. Ikapeperushwa hivyo hivyo, kwa sababu hakuna aliyekagua kilichoandikwa.

Kisingizio ninachosikia ni kwamba wakalimani hawapatikani. Aii, jameni! Wasudani wako hapa hapa Nairobi. Na ukifanya hadithi ya Saudia, dada zetu waliofanya kazi Riyadh na Jeddah kwa miaka wanajua Kiarabu cha jikoni, cha sokoni na cha kugombezwa. Lakini hawana cheti, kwa hivyo hamwaoni.

Nakubali, kuongea lugha si kukalimani. Lazima mtu ajue kusema yote, asiongeze, asipunguze, asifupishe kilio cha mwenzake. Hiyo inafundishika. Mpe siku moja ya mazoezi kabla ya shuti, mkutanishe na mhojiwa mapema, na umlipe kama unavyomlipa mtu wa kamera. Mnalipia droni kwa sekunde kumi za angani, halafu anayebeba maneno ya filamu nzima mnampa nauli na chapati?

Kisha kabla hamjaachilia filamu, mtu wa pili asikilize sauti yote na akague manukuu. Mtu wa pili, si yule yule.

Mama yule alituamini na uso wake. Tungemponza kwa uvivu wa kutouliza swali moja tu.

Kiarabu gani? Anzieni hapo.