Siku Haiwekwi Akiba

Keti na wafanyakazi wa mjini wakati wa mapumziko ya mchana, uyasikilize mazungumzo yao. Hautapita muda mrefu kabla hujalisikia neno "nikistaafu". Mmoja atasema akistaafu atarudi kijijini kwao kufuga kuku na kupanda migomba. Wa pili atasema akistaafu ataisoma dini yake vizuri. Wa tatu, ambaye watoto wake wamo katika shule ya msingi, atasema akistaafu atapata wasaa wa kukaa na jamaa yake. Wote husema kwa moyo safi, na matumaini si dhambi. Lakini huyu wa tatu yafaa ashikwe bega taratibu na kuambiwa kwamba, siku atakapokabidhiwa barua ya kustaafu, watoto anaowakusudia hawatakuwapo. Watakuwa watu wazima, wenye nyumba zao na haraka zao.

Mtumishi wa umma nchini Tanzania kwa kawaida hustaafu kwa hiari atimizapo miaka 55, na kwa lazima atimizapo miaka 60. Aliyeajiriwa akiwa na miaka 25 ana miaka 30 au 35 ya kazi mbele yake. Ikiwa miaka hiyo yote ni njia tu ya kuyaendea maisha, basi wakati ule mtu alipokuwa na nguvu, macho makali na watoto wadogo umehesabiwa kuwa si maisha. Hesabu hiyo ni mbaya, na wengi wetu tunaifanya bila kujua.

Tumtazame mtu mmoja ambaye jina lake si geni katika nyumba zetu. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam, na mwaka 1926 akaingia katika ukarani wa serikali ya kikoloni. Alifanya kazi katika Idara ya Forodha hadi mwaka 1944. Kisha alihamia Idara ya Wanyama, na mwaka 1946 akarejea Tanga, kwanza katika ofisi ya wilaya, na tangu 1952 hata 1960 katika ofisi ya upimaji. Hiyo ni miaka 34 ya meza, wino na majalada. Karani Mwafrika wa siku zile hakuchagua kituo chake wala mkubwa wake, wala hakutazamia kupanda cheo kwa kadiri ya akili yake. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema kwamba maisha yake yataanza atakapotoka ofisini, ni yeye.

Alifariki dunia mwezi wa Juni, 1962, akiwa na umri wa miaka 53. Basi na tuhesabu pamoja. Tangu alipouacha ukarani mpaka kufa kwake ilikuwa miaka miwili hivi. Lau angaliiweka kalamu yake kabatini akingoja wasaa, tungalikuwa na nini leo? Kusadikika kilitoka mwaka 1951, na Adili na Nduguze mwaka 1952, mwandishi wake akiwa bado mtu wa kuamka asubuhi na kwenda kazini kwa wengine. Vitabu vingine, kama Kufikirika na Utubora Mkulima, vilichapishwa baada ya kufa kwake, mwaka 1967 na mwaka 1968. Hakuviona. Ikiwa vilimpa furaha yoyote, aliipata katika saa zile zile alizokuwa akiviandika.

Tena hakuwa mtu asiyepatwa na misiba. Mkewe Amina alifariki akamwachia watoto wa kulea. Katika Maisha Yangu mna tenzi mbili alizowatungia wanawe, moja ya binti na moja ya kijana wa kiume, za kuwafundisha namna ya kuishi na watu. Nasaha ya mzazi haikungojea uzee. Aliitoa wakati watoto walipokuwa na umri wa kuipokea.

Najua jawabu litakalotolewa. Patasemwa: "Huyo alikuwa na kipaji, mimi ni mtu wa kawaida, natoka kazini nimechoka, nasimama katika daladala saa nzima, nafika nyumbani giza limeingia." Maneno hayo ni ya kweli, na mtu asiyeijua foleni asiyacheke. Tena yako ya kweli zaidi. Mke wa huyo mfanyakazi, ambaye naye ametoka kazini au sokoni, akifika nyumbani anaanza kazi ya pili: maji, jiko, nguo, mtoto mwenye homa. Akiambiwa afurahie siku yake, ana haki ya kuuliza ni saa ipi.

Kwa hiyo jambo hili haliwezi kuwa la mtu mmoja. Katika nyumba, saa ya faragha ya mmoja hununuliwa kwa jasho la mwingine. Mume anayekwenda kwenye kwaya, barazani au kwenye mpira jioni, chakula chake kinapikwa na mtu. Ni haki basi kwamba zamu ibadilike. Mume akioga watoto na kuosha vyombo jioni mbili kwa juma, mke atapata jioni mbili za kushona, kusoma, au kuhudhuria kikundi chake. Katika nyumba nyingi wasaa upo, ila umelimbikizwa upande mmoja.

Wengine husema wamechelewa. Hao wamkumbuke Siti binti Saad, ambaye Shaaban Robert mwenyewe aliandika wasifu wake. Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, katika ukoo maskini wa wafinyanzi, na kazi yake ilikuwa kuuza vyungu. Alipohamia mjini Unguja mwaka 1911 alikuwa mwanamke wa umri wa miaka 30 hivi, bila mali wala elimu ya shule. Huko ndiko alikojifunza kuimba kwa taratibu za taarabu, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Sauti ile alikuwa nayo tangu alipokuwa akinadi vyungu njiani.

Hapa pana hatari ya kueleweka vibaya. Kuna watu wakisikia habari ya kuishi leo hudhani wanaambiwa waule mshahara wote siku ya malipo. Sivyo hata kidogo. Kiwanja kinunuliwe, ada ya shule itengwe, michango ya pensheni ifuatiliwe. Wahenga walisema akiba haiozi, na walisema kweli. Lakini fedha na siku ni vitu viwili. Shilingi ya leo yaweza kulala benki ikaamka mwakani. Jioni ya leo hailazwi benki. Ukiitumia ni yako, usipoitumia imekwenda, na mtoto aliyetaka kukuonyesha daftari lake leo, mwakani atakuwa na daftari jingine, au hatataka kukuonyesha tena. Mtu mwenye busara huweka fedha akiba na kuitumia siku. Wengi wetu tunafanya kinyume: fedha zinakwisha tarehe 10, na siku tunazilimbikizia uzee ambao hatuna hati yake.

Basi mtu ataijuaje kazi aliyoumbiwa? Wako wanaodhani kwamba jambo hilo hujulikana kwa kukaa kimya na kuwaza. Iko njia nyepesi zaidi. Tazama majirani wanakujia kwa haja gani. Yupo ambaye vijana wa mtaa humletea baiskeli zilizovunjika. Yupo mama anayeitwa kila nyumba yenye mzazi mchanga. Yupo anayesuluhisha ugomvi wa wapangaji, na yupo ambaye watoto wa wenzake humfuata wafundishwe hesabu. Mara nyingi watu wengine wameiona kazi yetu kabla yetu, nasi tunaihesabu kuwa ni usumbufu unaotuchelewesha kufika tunakokwenda.

Tena usiidharau kazi unayolipwa. Muuguzi anayemfunga mgonjwa bendeji huku akitazama saa ya ukutani, na yule anayemfunga akimsikiliza, wote wawili watatoka saa ile ile na kupata mshahara ule ule. Lakini mmoja ameishi saa nane za umri wake, na mwingine amezingoja zipite. Dereva, karani, mpishi wa shule na fundi wa mitambo wanalijua jambo hili vilevile. Haina maana kwamba mfanyakazi asidai haki yake. Adai, na achague viongozi hodari wa kumdaia. Lakini wakati wa kuidai haki hiyo nao ni sehemu ya umri wake, wala hautarudishwa.

Mwisho, iko adui ndogo iliyoingia katika nyumba zetu miaka hii, nayo ni simu ya mkononi. Haina kosa yenyewe. Inaleta habari za wagonjwa na fedha za ada. Lakini tumewaona baba, mama na watoto wameketi mkeka mmoja, kila mmoja akicheka na mtu asiyekuwapo. Jamaa hao wako pamoja kwa miili tu.

Nashauri jambo dogo, lisilohitaji fedha. Juma hili chagueni jioni moja. Simu ziwekwe juu ya kabati mpaka chakula kiishe. Kila mtu, mdogo na mkubwa, aulizwe ni jambo gani angependa kulifanya ambalo analiahirisha, na ni nani katika nyumba anaweza kumpunguzia kazi ili alianze. Baba naye aulizwe, na asijibu "nikistaafu". Kisha jambo moja kati ya yaliyotajwa lianzwe kabla ya Jumapili ijayo, hata likiwa dogo kama kushona kifungo au kusoma kurasa mbili.

Wahenga walituambia subira yavuta heri, na walituambia pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Hawakujipinga. Subira ni ya mtu aliyekwisha kupanda, anayengoja mvua. Asiyepanda kitu hana anachokisubiri.