Kiwanja cha Msikiti: Fremu au Mazoezi?



Juma hili mezani petu zipo barua mbili. Ya kwanza inaomba kiwanja kilicho nyuma ya msikiti kijengwe fremu sita za maduka, ili ipatikane kodi ya kulipia umeme, maji na posho za walimu wa madrasa. Ya pili ni ya vijana wanaocheza mpira hapo baada ya Alasiri. Wanaomba kiwanja kibaki, nao waruhusiwe kuunda klabu. Kila barua ina haki ndani yake, ndiyo maana tumeona tuzungumze na familia kabla kamati haijakaa.

Sisi wa ukanda huu hatuna haja ya kufundishwa kupenda mpira. Stand United, iliyoanzia kwa watu wa stendi ya mabasi ya Shinyanga, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014, ikashuka 2019. Geita Gold ilipanda 2021, na msimu huo George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17. Nayo ikashuka 2024. Tulishangilia, tukahuzunika, lakini muda wote huo tulikuwa tumekaa. Baba akitoka dukani huingia kibanda umiza, mama hushinda gengeni, mtoto ameinamia simu. Kisha tunakutana kliniki ya presha na kisukari, tukishangaa maradhi yametoka wapi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mtoto wa miaka 5 hadi 17 dakika 60 kila siku. Kutembea kwa haraka kunahesabika. Nusu saa baada ya Alfajiri, siku tano kwa wiki, inatimiza kiwango hicho.

Wanaodhani haya ni upuuzi wa vijana wakumbuke kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe, Bi Aisha (r.a.). Mara ya kwanza Bi Aisha alimshinda; miaka ilipopita na mwili kuongezeka, Mtume akamshinda yeye. Na sahaba aliyejichosha kwa kufunga na kusimama usiku alikumbushwa kuwa mwili wake nao unamdai haki.

Rai yetu ni hii: zijengwe fremu mbili tu, upande wa barabarani, na eneo lililobaki liwe uwanja. Alfajiri iwe ya wazee na mchakamchaka wa taratibu. Mwenye maradhi amwone daktari kwanza. Alasiri iwe ya vijana. Akina mama na mabinti wapewe siku zao, ndani ya uzio, wacheze rede kwa stara bila kutazamwa. Adhana ikisikika, mpira usimame. Na kamari ya mechi isikanyage hapo.

Kodi ya fremu nne tutaikosa, na hilo hatulifichi. Pengo hilo itabidi lizibwe na mifuko yetu, la sivyo mwalimu wa madrasa ndiye atakayeumia. Basi kila familia ijadili nyumbani na ituletee jibu kabla ya Ijumaa: je, mko tayari kuchangia?

Wabillahi tawfiq.