Kasha la Marehemu: Usiuze Usichokijua

 

Juma lililopita alinipigia simu mama mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye angali katika eda ya mumewe. Wanawe walipokuwa wakisafisha stoo walikuta redio kuukuu ya mbao na kasha zito la bati, ambalo juu yake vimesimama vioo mfano wa vichupa. Ni amplifaya aliyokuwa marehemu akiitumia kukuzia sauti katika maulidi na arusi. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipita mlangoni, akatoa shilingi 2,000 kwa vyote viwili, na akataka jibu siku iyo hiyo. Mama akaniuliza, "Sheikh, niuze?"

Nilimjibu, "Bado, mama. Kwanza mali hii si yako peke yako. Pili, hujaijua ni nini."

Jambo la kwanza wengi wetu twalisahau. Kila alichokiacha marehemu, kikubwa au kidogo, ni tirka. Hutolewa kwayo gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi wagawane. Mjane mwenye watoto wa marehemu ana fungu lake la thumni, na wana wana mafungu yao. Basi kitu kikikadiriwa bei ya chini, kila mmoja wao amepunjwa, na mwenye kupunjika zaidi ni mtoto mdogo asiyeweza kujisemea.

Jambo la pili ndilo la leo. Vile vioo huitwa valvu. Ndani yake hewa imeondolewa, na uzi ukipashwa moto hutoka chembe za umeme ambazo huongozwa hata sauti hafifu ikawa kubwa. Mwingereza John Ambrose Fleming aliitengeneza ya kwanza mwaka wa 1904, na Mmarekani Lee de Forest akaiongezea kiungo cha tatu mwaka wa 1906. Mwaka wa 1947 ilibuniwa transista huko Marekani. Hiyo ni ndogo, haihitaji kupashwa moto, na kidogo kidogo ikaziondoa valvu majumbani. Hata hivyo, wapiga magitaa na wapenzi wa muziki katika nchi nyingi wangali wakiipenda sauti ya valvu na kuitafuta. Ndiyo sababu kinachoonekana kwetu kuwa takataka huenda kikawa na mteja wa mbali.

Mtu atakitambuaje? Kwanza, tahadhari: msikichomeke kwenye umeme ili "kujaribu tu". Ndani yake mna umeme wa volti 300 na zaidi, na kapasita zaweza kuuhifadhi hata baada ya plagi kutolewa. Tena kapasita zilizozeeka zikipewa umeme ghafla huharibika, zikaiunguza transfoma, ambayo ndiyo kiungo cha thamani. Kazi hiyo ni ya fundi anayezijua valvu.

Pili, msizisugue valvu. Maandishi yake ni rangi nyepesi juu ya kioo, na kitambaa kimoja chenye maji chatosha kuyafuta. Pangusa vumbi la kasha kwa brashi kavu, kisha piga picha: kibao cha jina la mtengenezaji, nambari zote, upande wa nyuma, na kila valvu mahali pake.

Tatu, someni herufi. Chukua mfano wa EL84. Kwa utaratibu wa Ulaya, E ni umeme wa kupashia moto wa volti 6.3, L ni valvu ya nguvu, inayosukuma spika, na 8 huonyesha aina ya kitako, chenye miguu tisa. Redio ya nyumbani kwa kawaida huwa na valvu moja ya namna hiyo. Mkiona mbili zinazofanana, pamoja na transfoma kubwa nzito, hiyo yaelekea kuwa amplifaya kamili. Zikiwa KT66 mbili, jambo hilo latosha kumwita mjuzi, kwa kuwa ndizo zilizotumika katika Quad II ya Uingereza, ya wati 15, iliyoanza kutengenezwa mwaka wa 1953.

Nne, angalieni doa la fedha ndani ya kioo. Liking'aa, ni dalili njema, ijapokuwa si hakika. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu hiyo imekufa.

Ama bei, msiichukue kwa anayenunua peke yake, wala msidanganyike na bei wanazotaja wauzaji. Tazameni ile iliyolipwa kweli. Waulizeni mafundi wawili au watatu wasiokuwa na haja ya kununua. Tena tusijaze watu tamaa: redio nyingi za mbao zilitengenezwa kwa wingi mno, na thamani yake kubwa ni kumbukumbu. Amplifaya yenye transfoma zake za asili na valvu zake ni shauri jingine.

Mtume (s.a.w.) alikataza kuupokea msafara njiani kabla haujafika sokoni, kwani mwenye bidhaa hajaijua bei. Mjane aliye ndani ya eda yake ni msafara ambao haujafika sokoni. Amchaye Mungu asimharakishe. Na warithi nao wana wajibu: mkiuza, elezeni aibu ya kitu. Kama hakijajaribiwa, semeni hakijajaribiwa.

Yule mama alimruhusu mwanawe apige picha, na fundi mmoja mzee akasoma juu ya kioo: EL84, jozi. Mnunuzi alipoambiwa angoje, alirudi mara mbili, na kila mara akaongeza bei mwenyewe. Kasha halijauzwa bado. Warithi wanangojea makadirio ya fundi wa pili. Redio ameomba binti mdogo, ihesabiwe katika fungu lake, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa akiisikiliza na babake. Ndugu zake wote wameridhia.

Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo, inshaallah.