Kama simba ana daktari, tuonyesheni

Mwaka 1962 nzi wang'atao walifurika katika kreta ya Ngorongoro. Simba walipanda miti, wengine wakajichimbia kwenye mashimo ya fisi, na bado walikufa hadi wakabaki kama kumi tu. Sisi waongoza watalii huisimulia habari hii mgeni anapoona simba juu ya mgunga.

Kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa mara mbili walichokikuta wakaguzi wa wizara ya kilimo ya Marekani mwaka 2020 huko Oklahoma, katika bustani iliyotangazwa duniani na kipindi cha Tiger King, wakati huo ikiwa mikononi mwa Jeff Lowe. Ncha za masikio ya simba zilikuwa zimeliwa na nzi mpaka damu inatoka. Ndani ya waya simba huyo akimbilie wapi?

Leseni ikasimamishwa, wanyama wakahamishiwa Thackerville, na Novemba serikali ikaenda mahakamani kwa sheria ya viumbe walio hatarini, ambayo tangu Januari 2016 inamlinda pia simba wa huku kwetu. Januari 2021 jaji aliamuru watoto wasiotimiza mwaka wakabidhiwe pamoja na mama zao, na atafutwe daktari mwenye sifa. Amri haikutekelezwa ipasavyo. Mei walichukuliwa wanyama 68.

Watetezi wa wafugaji wa namna hii husema serikali inawaonea watu wanaopenda wanyama, tena walionunua kwa fedha zao. Wapo wanaowapenda kweli, sibishi. Lakini mapenzi hayatibu kidonda. Jaji alitaka daktari na kumbukumbu za matibabu, na mwenye navyo hana sababu ya kuogopa kesi.

Kinachoniuma zaidi ni watoto. Wageni hunionyesha kwenye simu picha wakimnyonyesha mtoto wa simba kwa chupa, kisha wananiuliza Arusha wanaweza kupata wapi nafasi kama hiyo. Huwajibu wazi: jike huwaficha wanawe vichakani wiki kadhaa kabla hata ya kuwapeleka kwa kundi, na huwanyonyesha kwa miezi. Ili kila mgeni apate wa kumpakata, lazima wazaliwe mfululizo na wanyang'anywe mama zao mapema. Wakishakua hawapakatiki tena, wanabaki kula nyama za gharama ndani ya banda. Desemba 2022 Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia watu kuwashika na kuwafuga majumbani paka wakubwa. Walichelewa, ila wamefanya jambo jema.

Sisi tuna msingi mzuri zaidi. Sheria yetu ya wanyamapori ya 2009 inasema wanyama hawa ni mali ya umma, Rais ni mdhamini tu. Basi mwenye kibali cha bustani ya wanyama anatunza mali yetu sote, nasi tuna haki ya kujua inatunzwaje. Naiomba wizara ifanye mambo mawili: ripoti ya kila ukaguzi iwekwe hadharani, ikiwa na jina la daktari na tarehe aliyofika, na bustani yoyote itakayouza nafasi ya kupakata mtoto wa simba ifutiwe kibali siku hiyohiyo, bila kusubiri masikio yatoke damu.